Ukuta wa Posa

Wanafunzi wangu wakinisikia nikisema kwamba uhakiki wa sanaa nilifundishwa na mwanamke wa upande wa Kasoli asiyejua kusoma, hucheka kwa adabu, kisha husubiri nitaje chuo. Chuo nilisoma, na walimu wangu wa chuo sina ugomvi nao. Nimeandika juu ya wachoraji wa mijini na maonyesho yao kwa zaidi ya nusu ya maisha yangu, nimekaa kwenye kamati, nimebishana na watu magazetini. Lakini kila nikiingia kwenye chumba chenye picha, kitu cha kwanza ninachotafuta ni mahali pa kukaa, tena pa chini iwezekanavyo, na tabia hiyo haikutoka chuoni.

Nieleze kwanza kazi yenyewe, maana hata baba yangu hakuielewa sawasawa. Aliwaambia wateja wake kwamba binti yake anatazama picha na serikali inamlipa. Hakukosea sana. Mwanahistoria wa sanaa huuliza kitu hiki kilitengenezwa na nani, kwa vifaa gani, kwa ajili ya nani, na kabla yake kulikuwa na nini. Mhakiki huongeza swali moja: je, kimefaulu? Na akisema ndiyo au hapana, lazima aseme ni wapi na kwa nini, kwa maneno ambayo aliyekitengeneza atayaelewa. Hiyo tu. Mtu yeyote mwenye macho na subira anaweza kujifunza, na wewe unayesoma hapa unaweza pia.

Mimi nilianza nikiwa mwaka wa pili wa chuo, katika miaka ya Ujamaa, wakati wa likizo ndefu. Tuliagizwa kila mmoja arudi kwao, akatafute picha zilizochorwa na wananchi wenyewe, akae nazo, aandike. Mwalimu wetu angetuzungukia na kamera, kwa sababu kamera ilikuwa moja na wanafunzi tulikuwa wengi. Wenzangu walikimbilia vinyago. Mimi nilikumbuka kuta za Kasoli.

Nyumbani kwetu ni Bariadi mjini. Baba alikuwa fundi cherehani, anashonea barazani mwa duka la mfanyabiashara mmoja Mwislamu, na nyumba tuliyopanga ilikuwa ya saruji, imepakwa chokaa nje na ndani. Kisukuma nilikizungumza, lakini kwa namna ya mjini iliyowachekesha watu wa vijijini. Utotoni nilipelekwa Kasoli mara chache kusalimia ndugu, nikawa naziona nyumba za udongo zenye rangi nyekundu, nyeusi na nyeupe, nikadhani ndivyo udongo wa huko unavyoota.

Nilipofika safari hii kijiji kilikuwa kipya. Watu walikuwa wamehamishwa mwaka uliotangulia kutoka kwenye miji yao ya kifamilia iliyotawanyika, wakapangwa kwa mistari, nyumba zote zikitazama barabara. Balozi wa nyumba kumi alisoma barua yangu yenye mhuri, akaisoma tena, akanipeleka kwa mama mmoja aliyesifika kwa mkono wake. Alikuwa mwanamke mrefu, wa miaka arobaini hivi, mwenye kuongea taratibu kama anayehesabu. Mumewe alikuwa mtu wa ng'ombe na tulimwona zaidi jioni. Binti yao mkubwa alikuwa na umri kama wangu, mkimya mbele za watu, na jikoni ana ulimi kama wembe. Nilimwita yule mama mayu, yaani mama kwa Kisukuma, kama wote walivyomwita, naye akanipa kitanda cha binti, binti akahamia kwenye mkeka bila kunifichia kwamba hajafurahi.

Ukuta wenyewe ulikuwa wa mbele, upande wa kushoto wa mlango. Juu kulikuwa na pembetatu nyeupe, zimepangwa moja baada ya nyingine. Katikati, kwenye rangi nyekundu, maduara matatu makubwa yenye vijiti ndani. Chini, kuanzia usawa wa kiuno hadi ardhini, mkanda mweusi. Nilisimama mbele yake siku ya kwanza kwa saa nzima na daftari mkononi. Niliandika: maduara, mwezi. Pembetatu, milima au mababu. Mkanda wa chini nilimalizia kwa maneno mawili, “mpaka mweusi”. Sikumuuliza mtu. Mwenye ukuta alikuwa hatua tano nyuma yangu akipepeta mahindi, na mimi nilikuwa naandika habari za mababu zake.

Kosa kubwa zaidi nililifanya jioni ile.

“Mayu,” nilimwambia, “nakuomba ukuta huu usiguswe mpaka mwalimu wangu aje aupige picha.”

“Atakuja lini?”

“Jumatatu ya wiki ya tatu kuanzia sasa.”

Alimtazama binti yake. Binti alitazama jiko.

“Haya,” mama alisema. “Kama ndivyo serikali inavyotaka.”

Nilimwambia mimi si serikali, ni mwanafunzi tu. Lakini nilikuwa nimekuja na barua yenye mhuri, na lazima nikiri kwamba sikumkanusha kwa nguvu.

Siku chache baadaye wanawake wa mstari wetu walianza kukandika. Pamba ya mashamba yao ilikuwa imekwisha kuuzwa, na huo ndio wakati wake. Kila nyumba wanabandua udongo wa mwaka jana, wanakandika upya, wanachora upya. Mimi nilizunguka nikifurahi, naandika nani anachora nini. Nilirudi kwa mayu nikaukuta ukuta wake umebaki peke yake, umepauka, umeliwa na mvua za mwaka mzima, nami nikafurahi zaidi kwamba nimeuokoa. Hakuna aliyeniambia kitu. Mgeni mwenye mhuri hakatazwi, na mgeni asiyejua cha kuuliza haelezwi.

Jumanne ya wiki ya mwisho, asubuhi, tulikuwa uani. Mama alikuwa anakoroga uji. Tukasikia kilio barabarani. Walikuwa wanawake watatu, kanga zimefungwa viunoni. Mmoja alikuwa na unga kichwani, na wa mbele yao, mfupi mnene, alikuwa na kuku kwapani. Binti alishtuka, akanong'ona, “Shangazi yake.” Nilijua anamsema nani. Kulikuwa na posa nyumbani mle, na kijana mwenyewe alikuwa dereva wa trekta wa kijiji cha pili. Ndugu zake walitegemewa Jumamosi kuja kuzungumza ng'ombe wa mahari.

Mama alitoka na mwiko mkononi.

“Jamani, kuna nini? Nani amefariki?”

Kilio kikakatika. Shangazi alimtazama mama, akamtazama binti mlangoni, akageuka nyuma kama mtu aliyepita nyumba.

“Tumekuja kulia nanyi, mayu.”

“Mnamlilia nani?”

“Sisi tutajuaje? Si nyinyi wenye msiba?”

“Hapa hakuna msiba.”

“Baba mwenye mji yuko wapi?”

“Amepeleka ng'ombe kunywa.”

“Mzima?”

“Mzima sana. Jana amemaliza ugali wake na wa mgeni.”

Mwenye unga alianza kucheka, akajiziba mdomo kwa kanga. Shangazi hakucheka.

“Basi mbona ukuta uko hivi? Juzi nimepita hapa, kijiji kizima kimekandikwa, ukuta wako umekaa kama wa mjane. Nimefika nyumbani nikawaambia, wenzetu wamefiwa na hawana hata wa kumtuma, twendeni.”

Hapo ndipo nilipoelewa. Nyumba iliyofiwa haikandikwi mpaka matanga yaishe. Ukuta wa zamani katikati ya kuta mpya ulikuwa unasema kitu kimoja tu, na kila aliyepita barabarani alikuwa amekisoma isipokuwa mimi niliyekuja kuusoma.

“Serikali imesema usiguswe,” mama alijibu, na mwiko wake ukanielekea.

“Kwani serikali ndiyo imefiwa?”

Sasa wenzake wawili walicheka wazi. Shangazi alinisogelea na kuku wake.

“Huyu ndiye serikali? Mbona mdogo?”

“Mwangaluka, shangazi,” nilimsalimu.

“Hiyo mwangaluka ya Bariadi hiyo. Mtoto wa nani?”

Nilimwambia mtoto wa fundi cherehani, na baraza la duka gani.

“Namjua. Alimshonea kaka yangu suruali. Mguu mmoja mrefu.” Akamgeukia mama. “Jumamosi tunakuja kama tulivyosema. Mimi nitakaa pale pale wanapokaa mashangazi, nitaangalia.”

Mwenzake aliuliza kama waache unga na kuku. Shangazi alisema kitu cha msiba hakiliwi kwenye nyumba ya posa, wakaondoka navyo.

Nilimfuata binti jikoni. Nilimwambia kwamba labda tungeweza kuwaomba wageni wasogeze siku, waje Jumanne ya wiki ijayo, baada ya mwalimu. Alivunja ukuni, akausukuma motoni.

“Dada,” alisema, “kaka mkubwa wa mchumba wangu alichumbia msichana wa mstari wa tatu. Walikuja, shangazi yuleyule akakaa, akaangalia ukuta, akanywa maji, akashukuru, wakaondoka. Hawakurudi. Alisema umekandikwa kwa haraka.”

“Kwa ukuta tu?”

“Ukuta tu? Wewe si umetoka Dar es Salaam kwa ajili ya ukuta tu?”

Alifuta macho, akasema ni moshi.

“Na mimi huyu nimemtaka mwenyewe,” akaongeza. “Hawajanichagulia.”

Nilitoka nikamkuta mama amesimama mbele ya ukuta wake. Nilimwambia, “Mayu, kandika. Mwalimu nitamwambia mwenyewe.” Aliniuliza kama sitapata matatizo chuoni. Nilimwambia ukweli, kwamba sijui. Kazi bila picha ilikuwa nusu ya kazi. “Wabeja,” alisema, asante ya kwao, na akaniuliza nahitaji nini. Nilimwomba siku hiyo moja iliyobaki, niuchore ukuta kwa mkono wangu kwenye daftari kabla haujabanduliwa.

Nakushauri ujaribu kuchora kitu unachodhani umekwisha kukiona. Penseli haina huruma. Inauliza mstari huu unaanzia wapi, na huu unakwenda wapi, na wewe huna jibu. Nilichora nimesimama mpaka miguu ikauma, nikaomba kigoda, nikakaa. Nilipokaa, ule mpaka mweusi ulikuja mbele ya macho yangu.

Haukuwa mpaka. Ulikuwa umejaa alama ndogo, mamia, zimebonyezwa kwa ncha za vidole viwili viwili, zinatembea pamoja kama nyayo za mbuzi zinazokwenda majini. Karibu na mlango zilitawanyika, halafu zikakusanyika tena. Kwa mtu aliyesimama hazionekani, mwanga unazipita. Kwa aliyekaa chini ni ukuta mwingine kabisa.

“Mayu, hizi ulizichora wewe?”

“Za chini ni zangu,” binti alijibu kwa nyuma. “Mama huchora juu. Msichana huchora chini. Mgeni akija anakaa kwenye kigoda, si ndiyo? Akikaa anaona nini?”

Nilikuwa nimesimama wiki mbili mbele ya kazi yake na sikujua kama ipo. Nikapata ujasiri wa kuuliza na yale mengine. Maduara haya, mayu, ni mwezi?

“Mwezi?” Mama alishangaa kweli. “Hilo ni gurudumu la mashine ya kuchambulia pamba. Nilikwenda kiwandani na baba yangu, nikaliona linazunguka. Likanikaa.”

“Na hizi pembetatu?”

“Paa za shule. Za mabati.”

Nilifuta mwezi, nikafuta mababu. Jambo hili nimeliona mara nyingi baadaye, kwa wataalamu wakubwa kuliko mimi. Tukikutana na mchoraji wa mjini tunamuuliza ameona nini. Tukikutana na mwanamke wa kijijini tunamtafutia mababu. Huyu alikuwa anachora mashine na shule. Alikuwa mchoraji wa kisasa kama yeyote niliyesomeshwa, ila hakuna aliyemuuliza.

Jumatano tulifuata udongo. Kijiji kipya kilikuwa kwenye mbuga, ardhi nyeusi inayoshika miguu, na udongo mwekundu haukuwepo. Ulikuwa kwao kwa zamani, ng'ambo ya mto mkavu. Niliazima baiskeli kwa balozi, binti akakaa nyuma na jembe. Nyumba yao ya zamani ilikuwa imeanguka, wameng'oa nguzo na milango, umebaki ukuta wa kufika kifuani. Binti hakuutazama sana. Alichimba nyuma ya zizi mahali alipopajua, akajaza gunia, tukarudi tunalisukuma juu ya baiskeli kwa zamu, yeye akinicheka kwa namna nilivyohema.

Alhamisi walikandika. Nilikaa chini nikatazama, safari hii nikiuliza kila kitu, nao walijibu kila kitu. Samadi ya ng'ombe iwe imelala siku mbili, si ya leo. Udongo uchanganywe na mchanga wa mtoni, maji kidogo. Kiganja kiende kwa upinde, kama unafuta mgongo wa mtoto, kila upinde uukanyage mwenzake. Ukipauka kidogo unausugua kwa jiwe laini mpaka ung'ae. Mama alipanda juu ya kinu, akafanya juu. Binti alipiga magoti, akafanya chini. Palipopauka walianza kuchora hapo hapo. Hadi jua linashuka ulikuwa umebaki upande mmoja tu, kona ya chini kushoto, kama urefu wa mkono mmoja na nusu. “Kesho asubuhi,” binti alisema.

Kesho yake asubuhi ikapigwa kengele. Pamba ya shamba la kijiji ilikuwa inachambuliwa ghalani, safi kando na chafu kando, na kila kaya iende yote. Mama alikwenda, binti akaenda akigeuka kutazama kona yake. Mimi mgeni niliachwa.

Wewe ungefanyaje? Udongo ulikuwepo, maji yapo, kona iko wazi, na aibu yote ilikuwa yangu. Nilichukua samadi ya zizini ya asubuhi ile ile, kwa sababu iliyolala ilikuwa imekwisha. Niliongeza maji ili iende vizuri. Nilipaka juu chini, juu chini, kama baba yangu alivyopaka chokaa nyumbani, nikasugua kwa jiwe mapema mno. Ukang'aa. Nilibonyeza na alama za vidole viwili viwili kama nilivyozichora kwenye daftari. Waliporudi wamechoka hawakuona kitu, kwa sababu bado ulikuwa mbichi. Binti aligusa kwa ncha ya kidole, akasema, “Umejitahidi, dada,” akawahi kumalizia alama zake karibu na mlango kabla mwanga haujaisha. Mama naye alimaliza za juu.

Jumamosi asubuhi niliamshwa na sauti ya binti.

“Mama! Njoo uone. Dada ametuchorea Tanzania na mito yake yote.”

Kona ilikuwa imepasuka kutoka mwisho hadi mwisho. Mama aliitazama, akapumua.

“Nilitaka kusaidia, mayu.”

“Ulitaka kusaidia,” alirudia, bila ukali, kama anayeweka kitu chini.

Kukandika tena hakukuwa na muda, usingekauka. Wageni walikuwa wameshaonekana barabarani. Binti alikimbia akaleta mtungi mkubwa wa maji, akausimamisha mbele ya kona. Alinitazama mara moja tu, na katika jicho lile hakukuwa na utani wowote.

Walikuja wanaume watatu, baba wadogo wa kijana, na shangazi. Wanaume walikaa kivulini upande wa pili na baba mwenye mji, wakaanza habari za malisho. Shangazi aliletewa kigoda mbele ya ukuta. Sitasahau alivyofanya kazi yake. Kwanza hakuangalia. Alikunywa maji, akauliza hali za watu. Kisha aliangalia kwa mbali, ukuta wote, macho yamefinywa. Kisha alisogeza kigoda karibu mpaka magoti yakakaribia ukuta, akapitisha kiganja, akanusa kiganja.

“Mwaka huu umeacha gurudumu,” alimwambia mama.

“Nimelichoka.”

Mama alikuwa amechora kijiji. Nyumba ndogo nyeupe juu ya wekundu, mistari minne iliyonyooka, kila moja na mlango wake, milango yote imeelekea upande mmoja. Moja tu, juu pembeni, mlango wake ulielekea kwingine.

“Hii moja mbona imetupa mgongo?”

“Ni nyumba yangu ya zamani. Ilikuwa inatazama mto.”

Shangazi aliweka kidole juu ya nyumba ile. “Hapo,” alisema hatimaye, “hapo umenipata.” Naye alikuwa amehamishwa.

Kisha alishuka chini. Alifuata alama za binti kwa kidole, moja moja, akisema kama anaongea peke yake. “Hapa mkono umekwenda mbio. Hapa umetulia. Hapa karibu na mlango alichoka, lakini hakudanganya; ameacha nafasi, hakujaza ovyo.” Binti alikuwa amesimama nyuma na trei ya vikombe. Kidole kilikwenda mpaka kikagonga mtungi.

“Mtungi huu mbona unaota jua?”

“Maji yapate moto,” binti alisema upesi.

“Ya kumwogesha nani?”

Hakusubiri jibu. Aliukumbatia mtungi, akausogeza mwenyewe. Shangazi aliinama juu ya nyufa zangu.

“Na huyu nani? Huu si mkono ule.”

Mama alitazama chini. Kumshitaki mgeni mbele ya wakwe watarajiwa asingeweza, hata kama kunyamaza kungempotezea binti posa. Binti alifungua mdomo, na niliona kwamba alikuwa anakwenda kusema ni wake.

“Ni mimi, shangazi,” nilisema. “Walikuwa ghalani. Hawakuniagiza.”

“Njoo hapa. Nyoosha mikono.” Aliigeuza viganja juu, akaibinya. “Mikono ya kalamu. Samadi ya lini?”

“Ya asubuhi ile ile.”

“Maji?”

“Mengi.”

“Umepaka hivi?” Alionyesha juu chini.

“Ndiyo.”

“Umeolewa?”

“Bado.”

“Sishangai.”

Kivulini waliangua kicheko, baba mwenye mji zaidi ya wote. Mimi pia nilicheka, kwa hofu. Shangazi alingoja kicheko kiishe, kisha akapaza sauti kwa kaka zake.

“Ukuta huu una mikono mitatu. Wa mama tunaujua. Wa serikali tuuache kama ulivyo. Wa binti nimeuona, uko pale mlangoni. Zungumzeni ng'ombe.”

Trei ya vikombe ikatua chini, nusu ya chai ikamwagika, na hakuna aliyelaumu.

Niliomba ruhusa kukaa karibu naye mchana ule, nikaandika kila alichosema juu ya ukuta, na kwa nini. Alinieleza kwa upole ambao sikuutegemea, akirudia pale nisipoelewa, na aliponiona naandika haraka alisimama anisubiri. Namna yake ndiyo niliyotumia maisha yangu yote: kaa kwanza, tazama mbali, sogea, gusa ukiruhusiwa, uliza, halafu sema mkono umetulia wapi na umekimbia wapi. Kazi niliyopeleka chuoni ilikuwa na maneno yake kuliko yangu.

Jumapili, baada ya ibada, binti alibandua kona yangu kwa jembe, akanisukumia beseni la udongo.

“Haya dada, anza upya. Kwa upinde. Mgongo wa mtoto, si mgongo wa punda.”

Alinibandulia mara mbili. Ya tatu aliiangalia, akaangalia jua, akaiacha, akabonyeza alama zake mwenyewe juu yake. Mwalimu alifika Jumatatu mapema, akasikiliza habari ya ukuta wa zamani, akatazama michoro yangu, kisha akapiga picha ukuta mpya akiwa amekaa kwenye kigoda, kwa sababu binti alikataa kumwachia nafasi ya kusimama. Picha hiyo ninayo. Kona ya chini kushoto imetoka nyeusi kidogo kuliko kwingine, maana ilikuwa haijakauka.